Ziwa dogo la sebuleni

Mama yangu aliuza samaki kwa zaidi ya miaka 30, kwanza ufuoni Dunga, kisha sokoni Kibuye, hapa Kisumu. Ukimletea ngege, yaani tilapia wa ziwani, hufunua shavu lake, hutazama rangi ya matamvua, na papo hapo atakuambia kama alivuliwa alfajiri ya leo au amelala kwenye barafu tangu juzi. Siku nilipoingia nyumbani na samaki watatu wa dhahabu na kuwamimina kwenye bakuli la kioo la lita nne hivi, aliketi akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Humo watapumua nini?"

Nilimjibu kwamba aliyeniuzia ameniambia huzoea. Siku ya tisa wote watatu walikuwa wamekufa.

Naandika haya kwa sababu tangu wakati huo nimekutana na wazazi wengi hapa Kisumu waliopitia yaleyale. Mtoto anaomba samaki, samaki ananunuliwa pamoja na bakuli, wiki mbili haziishi bakuli liko tupu juu ya kabati, na mtoto anaambiwa kwamba samaki hawa ni dhaifu, hufa tu. Si kweli. Samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri huishi miaka 10, 15, hata kupita 20. Kuna mmoja wa Yorkshire, Uingereza, aliyeitwa Tish, ambaye alikufa mwaka wa 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Samaki anayekufa siku ya tisa ameuawa, na mara nyingi kilichomuua ni maji anayoishi ndani yake.

Wale wetu walianza kupanda juu siku ya tatu, midomo ikifunguka na kufumba pale maji yanapokutana na hewa. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka minane, alidhani wanaomba chakula, akawaongezea. Walivyozidi kufungua midomo ndivyo alivyozidi kuwatupia. Mama ndiye aliyemshika mkono. "Nyathina, mtoto wangu, hawa hawana njaa. Wanatafuta pumzi." Mama alikuwa hajafuga samaki hata mmoja maishani mwake, lakini alikuwa amewaona wengi wakifanya hivyo ndani ya beseni.

Baadaye nilielewa kilichokuwa kikitokea. Sehemu kubwa ya taka ya mwili wa samaki ni amonia, nayo hutoka kupitia matamvua yaleyale anayopumulia, mchana na usiku. Ziwani hutawanyika. Ndani ya lita nne haina pa kwenda, kwa hiyo inamrudia na kumuunguza matamvua, na tamvua lililoungua halivuti oksijeni hata kama oksijeni ipo. Chakula kisicholiwa nacho kikioza kinatoa amonia zaidi. Kila punje ambayo mtoto wangu aliitupa kwa huruma ilikuwa ikiwakaba samaki wake koo. Nami nikamalizia kazi: maji yalipogeuka meupe kama ya kuoshea mchele niliyamwaga yote, nikafungulia mfereji, nikajaza upya. Klorini iliyomo kwenye maji ya mfereji inatukinga sisi na kipindupindu, na ninaishukuru. Kwa samaki ambaye matamvua yake tayari yana vidonda, ni sawa na kumwagia pilipili.

Kabla ya kujaribu tena nilisoma kwa miezi miwili. Nilijifunza kwamba Wachina ndio waliomfuga samaki huyu, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakichagua wale wachache waliozaliwa na magamba ya rangi ya machungwa katikati ya wenzao wa kijivu, na kuwazalisha kizazi baada ya kizazi. Jina lake la kisayansi ni Carassius auratus, na yuko katika jamii ya Cyprinidae. Jamii hiyo ndiyo ya ningu, samaki wetu wa ziwani na mitoni. Nilipomwambia mama hivyo, uso wake ulibadilika. Alianza kusimulia jinsi ningu walivyokuwa wakipanda mito ya Nyando na Sondu wakati wa mvua kubwa, wamejaa mayai, na jinsi walivyopungua hadi wauzaji vijana wa leo hawawajui. Tangu siku hiyo samaki wangu hawaiti wa dhahabu. Anawaita ningu wekundu, na amewajali kama watu wa ukoo.

Undugu huo si wa jina tu. Samaki wa jamii hii hawana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Kinachoingia mdomoni kinapita moja kwa moja kwenye utumbo mrefu. Ndiyo maana wanaonekana na njaa saa zote, na ndiyo maana ukiwapa kingi kwa mpigo kinatoka nusu hakijasagwa na kuchafua maji.

Mara ya pili nilienda kwa fundi wa vioo. Nilimpa vipimo: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 40. Nikilijaza hadi sentimita 35 linabeba lita 126, yaani kilo 126 za maji bila kuhesabu kioo na mchanga, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Mafundi wa jua kali walinichomelea stendi ya chuma. Jambo moja nililosisitiza kwa fundi wa vioo ni silikoni. Ile ya bafuni mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Omba silikoni isiyo na dawa, na uiache ikauke wiki nzima kabla ya kutia maji. Tangi la ukubwa huu linatosha samaki wawili. Najua mtu akiliona anasema lina nafasi ya kumi, lakini samaki wa kawaida wa aina hii, yule mwembamba mwenye mkia mmoja, anaweza kufika sentimita 30 akipewa nafasi na miaka.

Kisha likaja lile ambalo hakuna aliyeniambia mara ya kwanza, na ambalo naliona ndilo kiini cha ufugaji wote huu. Maji mapya yanaweza kumeremeta na bado yakaua, kwa sababu hayana wale bakteria wanaokula amonia. Kuna kundi moja la bakteria linaloigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linaloigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa huota kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga, hata kwenye kioo, na huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Wiki hizo zote samaki asiwemo.

Kwa hiyo nililisha tangi tupu. Kila asubuhi binti yangu alitupa chembe za chakula ndani ya maji yasiyo na samaki, filta ikizunguka, ili zioze na kutoa amonia ya kuwalisha bakteria. Rafiki yangu wa Milimani mwenye tangi la miaka mingi alinikamulia sponji yake ndani ya ndoo. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, yakinuka kama udongo baada ya mvua. Nikayamimina yote kwenye filta yangu, na hakuna zawadi niliyowahi kupewa yenye thamani kuliko ule uchafu. Tulikuwa na kipimo cha matone, kichupa ambacho maji yake yakiwa ya njano maana yake hakuna amonia, na kadiri yanavyokuwa ya kijani ndivyo ilivyo nyingi. Binti yangu aliandika rangi kwenye daftari lake kila jioni: kijani, kijani sana, kijani kidogo. Siku ya 33 aliandika njano, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Ndipo tukaleta samaki wawili. Mmoja anaitwa Chungwa, mwingine Jua.

Tangu wakati huo kazi ni ya Jumamosi. Tunatoa lita 40, thuluthi moja hivi, na kurudisha jerikani mbili za lita 20. Maji ya kurudisha hukaa wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke. Ukiwa na haraka, dawa yenye sodiamu thaiosalfeti huiondoa kwa dakika chache. Hapa kwetu ongeza kitu kimoja: ifunike ndoo kwa kitambaa chepesi. Maji yaliyotulia ni kitanda cha mbu, na sisi wa kando ya ziwa tunaijua malaria vizuri mno kuweza kumpa mbu mahali pa kutagia. Sponji ya filta naikamua ndani ya yale maji niliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si chini ya mfereji, maana klorini itaua bakteria wa wiki sita kwa dakika moja.

Sasa joto. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, nao hushughulika na baridi. Samaki wa dhahabu hustawi kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi. Dada yangu anayeishi Nakuru, mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hana shida hiyo. Maji yake hupoa yenyewe kila usiku. Kisumu, Januari hadi Machi, kipimajoto changu kimewahi kusoma 29 saa tisa alasiri. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi kwa lita; yakifika nyuzi 30 hubeba 7 na nusu. Nasi hatuko usawa wa bahari, tuko mita 1,130 juu yake, ambako hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo inapungua tena. Wakati huohuo mwili wa samaki ukipata joto unahitaji oksijeni nyingi zaidi. Anapewa kidogo pale anapotaka kingi.

Tangi letu liko mbali na dirisha, kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni. Miezi ya joto naondoa kifuniko na kuweka wavu, nawasha feni ndogo ipulize juu ya maji, na adhuhuri naelesha chupa ya maji yaliyogandishwa. Pampu ya hewa haizimwi. Viputo vyenyewe havifanyi kazi kubwa kama watu wanavyofikiri. Kikubwa ni kule kuvurugika kwa uso wa maji, maana oksijeni inaingilia pale.

Februari mwaka jana stima ilipotea saa tatu usiku. Mchana ulikuwa umewaka, maji bado yalikuwa nyuzi 28. Mimi nililala. Mama aliamka kwa sababu mlio wa pampu, ambao ameuzoea kama mlio wa saa ya ukutani, ulikuwa umekatika. Nilipotoka sebuleni nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya tangi, binti yangu amemshikia tochi ya simu. Mama alikuwa na kikombe cha bati. Anakichovya, anakiinua hadi usawa wa bega, anakiinamisha polepole ili maji yaanguke kama uzi na kupasuka juu ya maji mengine. Anakichovya tena. Mkono wake una ugonjwa wa viungo, na kila akiinua kikombe niliona kiwiko kikitetemeka kidogo kabla hakijanyooka. Chungwa na Jua walikuwa wamesogea pale pale maji yanapoangukia, midomo juu. Tulipokezana, nusu saa kila mmoja, hadi stima iliporudi saa kumi alfajiri.

Katikati ya zamu hizo mama alizungumzia vizimba, zile nyavu za kufugia samaki ndani ya ziwa. Mwaka wa 2022 samaki wa vizimba upande wetu wa ziwa walikufa kwa wingi. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu, na samaki waliofungiwa ndani ya nyavu hawakuweza kukimbia kama walivyofanya walio huru. Mama anawajua watu waliopoteza mtaji wao wote kwa siku chache. "Aliyefungiwa hawezi kuhama," alisema akichovya kikombe. "Ukimfungia, wewe ndiye upepo wake."

Wiki iliyofuata nilinunua pampu ndogo ya betri. Kama huna, kikombe kinatosha. Stima ikipotea usiwape chakula, na usiiache sponji ya filta ndani ya kasha lake, maana bakteria nao wanapumua. Sponji iliyokaa saa nyingi ndani ya kasha ambalo maji hayazunguki huoza, na stima ikirudi inasukuma uozo huo ndani ya tangi. Itoe, iache ielee kwenye maji ya wazi.

Kuna hatari nyingine ya nyumba zetu ambayo sijaisoma popote ikiandikwa kwa ajili yetu. Dawa ya mbu ya kupuliza, nyingi yazo, ina kemikali za kundi la pairethroidi, ambazo kwa binadamu si kali sana ila kwa samaki ni sumu kubwa hata zikiwa chembe. Pampu ya hewa hufyonza hewa ya chumba na kuipeleka majini. Ukipuliza sebuleni pampu ikiwa inafanya kazi, umempulizia samaki. Sebule yetu haipulizwi tena. Tunalala ndani ya neti. Na neti yenyewe ina dawa ya aina hiyohiyo, kwa hiyo beseni la kufulia neti halikaribii tangi. Ndoo ya samaki tumeiandika kwa rangi nyekundu, haiingii sabuni wala jik.

Mvua za Aprili zilinifundisha jambo la magadi. Mfereji ulikuwa umekauka siku kadhaa, nikatumia maji ya paa. Maji ya mvua hayana madini, hivyo hayana kinachozuia uchachu kuongezeka, na katika wiki mbili pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri maji yanavyochacha, ilishuka hadi 6. Samaki wakazubaa, mapezi yakabana mwilini. Jirani mmoja, mwenye nia njema kabisa, alishauri nitie kijiko cha magadi, yale tunayolainishia mboga za kienyeji kama osuga na dek, kwa kuwa yanaondoa uchachu. Nilikuwa nimeshayashika mkononi nilipoamua kupima amonia kwanza. Ilikuwepo, kwa sababu uchachu huwazubaisha bakteria pia. Kwenye pH ya 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 tu ya amonia iko katika hali inayoua samaki, na sehemu hiyo hukua pH ikipanda. Kwenye pH ya 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye 9, zaidi ya theluthi. Kijiko kile kingeiamsha sumu iliyokuwa imelala. Badala yake nilibadilisha maji kidogo kidogo kwa siku nne, nusu ya mvua na nusu ya mfereji, na ndani ya filta nikaweka kifuko cha makombe ya kome yaliyooshwa vizuri. Makombe huyeyuka taratibu, yenyewe, kadiri maji yanavyochacha.

Chakula ni kifupi kueleza: kidogo mara mbili kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili, na afadhali kile kinachozama. Minji iliyochemshwa na kumenywa ganda mara moja kwa wiki, hasa kwa wale wa mwili wa mviringo ambao hufunga choo na kuanza kuogelea kichwa chini. Mkate, chapati na ugali hapana, hata mgeni akisisitiza.

Kuhusu magonjwa, kabla ya kufikiria dawa yoyote pima maji. Mara nyingi utaishia hapo. Madoa meusi yanayotokea mwilini mara nyingi ni ngozi inayopona baada ya kuungua kwa amonia. Chembe nyeupe kama za chumvi zilizotapakaa mwili mzima na mapezini ni vimelea, na chumvi ya kawaida ya gramu 3 kwa lita, ikiongezwa kwa awamu, husaidia. Lakini tazama vizuri kabla. Mwaka juzi binti yangu alikuja analia kwamba Jua ana madoa. Tulimulika tochi pembeni: vidoa vilijipanga kwenye mashavu na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani tu, kwa mpangilio, kama shanga. Hiyo ni alama ya dume aliyekomaa, tayari kwa kuzaa. Kapsuli za antibiotiki ambazo watu humimina majini zingeweza kuua bakteria wa filta na kumletea ugonjwa ambao hakuwa nao.

Na ukishindwa, au ukihama, mpe mtu mwingine mwenye tangi. Usimpeleke ziwani wala mtoni. Samaki wa dhahabu waliotupwa wamejaa kwenye mito na mabwawa ya Australia na Marekani, wakifukua chini na kuyafanya maji kuwa tope. Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, imeshabeba mengi yaliyoletwa: mbuta, yaani sangara, aliletwa miaka ya 1950, na fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wa aina nyingi ambao mama aliwauza akiwa msichana hawapo tena, kisha likaja gugu maji. Hatuna haki ya kuongeza jingine kwa sababu tu tunaona uchungu kumuua samaki mmoja.

Chungwa sasa ana sentimita 16. Binti yangu humpima kila Desemba kwa kushikiza rula kwenye kioo na kungoja apite. Maji tunayoyatoa Jumamosi yana nitrati, mbolea tupu, na mama ndiye anayeyamwagia osuga zake nyuma ya nyumba kwa kikombe kilekile cha bati.

Leo asubuhi, kabla sijaanza kunyonya maji kwa mpira, alivuta kigoda akainama karibu na kioo. Chungwa akaja, kama anavyomjia siku zote, akasimama mbele ya uso wake. Shavu likafunguka, likafumba, likafunguka. Mama alitazama wekundu wa ndani kwa makini ileile ya Kibuye.

"Huyu ni wa leo," akasema. Kisha akaniambia nilete jerikani.